Mzigo ulichelewa Guangzhou, nikaenda Kaiping

Siku tano za Guangzhou sina cha kusimulia, ni kuzunguka kutafuta mabegi na kubishana bei za kontena tu. Siku ya sita ajenti ananiambia mzigo haujatoka kiwandani, basi nikapanda basi mpaka Kaiping, mji mwingine wa hukohuko kusini mwa China, nikaone yale maghorofa ninayoyasikiaga. Pale stendi dereva mmoja akanipiga yuan 150 kunifikisha kijiji cha Zili, akaapa atanisubiri, kugeuka hivi gari haipo! Na mvua ndo inashuka. Iliniuma sana, ile hela ni chakula cha siku tatu.

Nikajibanza kibarazani kwa bibi mmoja anauza maganda ya machungwa yaliyokaushwa. Akanipa chai ya moto, hela akakataa kabisa. Tukawa tunaongea kwa simu, anasema yeye, simu inatafsiri. Mbele yetu katikati ya mpunga yamesimama maghorofa marefu membamba, madirisha ya chuma, matundu ya kupitisha bunduki, afu juu kabisa nguzo za kizungu. Nikamuuliza nani kajenga, akasema walioenda Mlima wa Dhahabu, ndo walivyokua wanaita Marekani na Kanada.

Kaiping nzima yamebaki zaidi ya 1,800, mengi ya miaka ya 1920 na 30. Mtu anafua nguo za watu huko ughaibuni au ana kaduka, anatuma barua na hela kwa duka la mtu wa kwao Hong Kong, duka linapeleka kwa duka lingine la mjini karibu na kijiji, mpaka mkononi kwa mke, yaani kwa kuaminiana tu kwa sababu wote kwao ni kumoja. Majambazi nao wakajua nani ana mtu nje, wakawa wanateka watu, ndo maana ya zile chuma.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba waliojenga wengi hawakukaa humo. Marekani ilizuia vibarua wa Kichina 1882 mpaka 1943, Kanada ikawatoza kodi ya kichwa, 1903 ikafika dola 500, 1923 ikafunga mlango kabisa. Mke hawezi kumfuata, basi anatumiwa nyumba. Bibi anasema babu yake alirudi mara mbili tu maisha yake yote, afu ilipokuja vita ya Wajapani hata hela zikakatika.

Mimi nasimamia nyumba ya kaka yangu Tanga. Yuko Muscat mwaka wa tisa, mshahara wake haumruhusu kumchukua shemeji, watoto wanamjua kwa video call, na kila mwezi ananiuliza bati, ananiuliza marumaru. Nilimpigia picha lile ghorofa la 1925 nililoingia, vitanda vimetandikwa, picha za familia ukutani, mtu hakuna, nikamtumia.

Akajibu hapohapo: "Grili nzuri hizo mdogo wangu, hebu ulizia bei."

Sikumjibu mpaka nimerudi Guangzhou.