Boneti Lililokataa Kufunga

Mustang ile, gari la Ford, ililetwa gereji yetu ya Oakland, California, juu ya bredauni, Jumatatu moja ya Oktoba 2018. Kwa mbali haikuwa na kasoro: kijani iliyokolea, bodi ya mwaka 1968 yenye paa linaloteremka hadi buti, injini ya V8 ya inchi za ujazo 390, yaani lita 6.4, na giaboksi ya mkono ya gia nne. Mjomba, fundi mzee wa Mombasa aliyekuwa msimamizi wetu, hakuangalia tairi wala injini. Aliinama mbele ya gari akapitisha kidole kwenye mwanya kati ya boneti na madigadi. Upande wa dereva kidole kilipita. Upande wa abiria hata ukucha haukupita.

"Imerushwa hii," alisema.

Mwenye gari hakubisha. Filamu ya Bullitt, ambamo Mustang ya kijani kama hiyo inaruka vilima vya San Francisco ikifukuzana na gari la wabaya, ilikuwa imetimiza miaka 50 mwezi uleule, na usiku wa Jumapili alikuwa amevuka daraja hadi San Francisco, akatafuta mteremko usio na watu, akaushuka kwa maili 50 kwa saa, sawa na kilomita 80. Alikuwa ameiona filamu mara nyingi. Steve McQueen, mwigizaji mkuu, alifika chini salama na gari likaendelea na safari. Yeye alifika chini na injini ikaanza kugonga feni kwenye rejeta.

Mitaa ya vilima vya San Francisco imechongwa kama ngazi. Barabara inateremka, ikifika njia panda inasawazishwa ili magari ya mtaa unaokatisha yapite, kisha inateremka tena. Gari likifika ukingo wa ile tambarare kwa mwendo, barabara inaliponyoka chini ya tairi. Chukua mteremko wa mita 1 kwa kila mita 5. Kwa kilomita 50 kwa saa gari litakaa hewani kama mita 8, na kishindo cha kutua ni sawa na kulidondosha kutoka sentimita 40 hivi. Kwa kilomita 80 litaruka kama mita 20, na kishindo ni sawa na kulidondosha kutoka karibu mita nzima. Mwendo umeongezeka kilomita 30 tu, kishindo kimezidi mara mbili na nusu. Na bado kuna kipigo cha pili ambacho watu hukisahau, pale mteremko unapokutana na tambarare ya njia panda inayofuata. Springi bado zimebanwa, pua ya gari inazidi kusukumwa chini. Hapo ndipo sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inapolamba lami.

Tuliipandisha kwenye lifti. Sampu ilikuwa imebonyea mbele kwa kina cha kidole gumba. Kubonyea kwa namna hiyo si jambo la sura tu, kwa sababu bomba linalofyonza oili hukaa karibu sana na sakafu ya sampu; sakafu ikipanda, mdomo wa bomba unazibwa na injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Mjomba alikataa isiwashwe tena hata kwa dakika moja. Maunti ya kushoto, kile kishikizo cha mpira kinachobeba injini, ilikuwa imechanika mpira wote, ndiyo maana feni ilifika kwenye rejeta. Nyuma, kwenye zile springi bapa zilizopangwa karatasi juu ya karatasi, bolti ya katikati ya upande mmoja ilikuwa imekatika. Bolti hiyo ndogo ndiyo inayouweka ekseli mahali pake. Ikikatika, ekseli husogea na gari hutembea upande upande kama kaa.

Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa mbele. Kwenye Mustang ya miaka ile springi haikai juu ya chasisi nene. Inakaa juu ya mkono wa juu wa gurudumu, na uzito wote unapanda kwenye kuta mbili za bati zilizosimama kushoto na kulia kwa injini, wanazoziita minara ya shokapu. Injini ya 390 ni pana na ni nzito, yote chuma cha kusubu. Gari likitua, kila mnara unasukumwa juu na ndani kwa pamoja. Bati likichoka linapasuka pale mkono wa juu unapofungwa, kisha mnara unalala kuelekea injini na kuivuta madigadi pamoja nao. Huo ndio ukucha uliokosa nafasi.

Mjomba alinionyesha namna ya kuutafuta ufa bila dawa za dukani. Safisha bati kwa brashi ya waya hadi ling'ae. Paka mafuta ya taa, acha dakika 10, futa pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa huanza kurudi nje na kulowesha chaki. Nilisimama na tochi nikaona mstari mwembamba wa kijivu ukitokea wenyewe kwenye weupe, ukizunguka tundu la bolti na kushuka kama sentimita 6. Kwa jicho tupu nilikuwa nimeapa kwamba pale pazima.

"Wale wa filamu walianzia hapa," alisema. "Kabla, si baada."

Ni kweli, na hili ndilo mwenye gari hakulijua. Filamu ile, iliyoongozwa na Peter Yates, ilikuwa na Mustang mbili, namba zao za chasisi zikifuatana, moja ikiishia 558 na nyingine 559. Fundi Max Balchowsky alizifungua kabla kamera haijawashwa: akaimarisha sehemu za mbele zinazobeba springi, akaweka springi ngumu zaidi na shokapu za Koni. Kwenye sehemu za hatari usukani alipewa Bud Ekins, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo. Na kwa maandalizi yote hayo, 558, iliyobebeshwa mirukio, iliumia hadi ikatupwa. Ilikuja kuonekana Baja California, Mexico, mwaka 2017.

Tena gari halikuruka mara nyingi kama tunavyodhani. Kamera kadhaa zilichukua mteremko uleule kwa pembe tofauti, na Frank P. Keller, aliyepata Oscar kwa uhariri huo, akaziunga. Ndiyo maana Volkswagen ileile ya kijani inapitwa tena na tena. Ndiyo maana pia Dodge Charger nyeusi ya wabaya inapoteza vifuniko vya ringi vingi kuliko magurudumu yake. Kuchomoka kwenyewe si uongo, maana kifuniko hushikwa na meno ya springi ukingoni, na ringi ya chuma ikipindwa na kona kali hujikunja kidogo, meno yakaachia. Ile Charger ilikuwa na injini ya 440 yenye nguvu za farasi 375 dhidi ya 325 za Mustang, na Bill Hickman aliyeiendesha alijua kuitumia. Isitoshe, mbele yake haina springi za kuzunguka. Ina fito ndefu za chuma zinazojisokota, zimefungwa chini kwenye fremu, kwa hiyo kishindo hakipandi kwenye bati la juu. Kwa kuruka vilima, mimi ningeichagua Charger bila kufikiri mara mbili.

Kazi ilichukua siku nne. Shokapu zilitoka kwanza, kisha kibano cha springi kikaingizwa kupitia juu ya mnara. Springi ile ikikuponyoka ikiwa imebanwa inavunja mkono, hivyo hakuna aliyesimama mbele yake. Tukachomoa betri kabla ya kuchomelea ili tusiue alteneta, tukaondoa bomba la petroli, tukaweka kizima moto karibu. Kila mwisho wa ufa ulitobolewa tundu la milimita 3 ili usiendelee kutambaa.

Kabla ya kuchomelea ilibidi minara irudishwe mahali pake. Mjomba alileta ile fito inayounganisha mnara na mnara, akaiweka juu ya bolti zake. Haikuingia; ilizidi kwa milimita 11. Wengi hapo hutanua matundu ya fito ikakubali kuingia, na kwa kufanya hivyo wanaufunga ulemavu ubaki milele. Sisi tuliweka jeki ya haidroliki ikiwa imelala kati ya minara, na vipande vya mbao ngumu kila upande. Tukasukuma polepole hadi milimita 5 kupita kipimo, kwa sababu chuma hurudi. Tukaachia, tukapima, tukasukuma tena. Mara ya tatu fito ilidondoka mahali pake kwa mkono.

Ndipo tukachomelea, kipande cha sentimita 2 huku, kingine mbali, ili joto lisipinde bati. Juu yake tukaweka bamba la kuimarisha, kisha nguzo ya pili inayofunga minara kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Alaimenti ilikuja mwisho: kemba, yaani gurudumu kulala ndani au nje, hurekebishwa kwa bolti yenye kichwa cha pembeni kwenye mkono wa chini, na kasta, yaani mhimili wa usukani kulala mbele au nyuma, kwa nati za fito ya mbele.

Mjomba alishusha boneti mwenyewe. Lilifunga kwa uzito wake. Akapitisha kidole upande wa dereva, akazunguka, akakipitisha upande wa abiria.

"Haya, mwite mwenyewe," alisema, akaenda kunawa.