Profesa Nyuma ya Kioo

Tarehe 3 Desemba 2003 shule zilikuwa zimefungwa, nami nikadamka kwenda AICC, jengo la mikutano la kimataifa la Arusha, kusikiliza hukumu ya kesi ya vyombo vya habari vya Rwanda katika mahakama ya UN ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka 1994. Wengi wetu Arusha tuliijua mahakama ile kwa jinsi watu wa UN walivyopandisha kodi za nyumba Njiro. Wa kuingia kusikiliza walikuwa wachache. Siku hiyo ilibidi tupange foleni. Nilimwamkia mzee mmoja, tukaongea, akajua kwamba nafundisha historia. Yeye ni Mtutsi aliyekimbia Rwanda mwaka 1959 akaja Karagwe, upande wetu wa mpaka, na huko ndiko alikozeekea.

Ukishakaguliwa unapewa hedifoni, unaketi nyuma ya kioo kinene na kuchagua lugha. Kiswahili hakikuwapo. Mzee aliweka Kinyarwanda, akanigusa kiwiko: "Mwalimu, profesa ni yupi?"

Nikamwonyesha Ferdinand Nahimana, mwanahistoria mwenzangu, kama mwalimu wa sekondari anaruhusiwa kusema hivyo. Alikuwa na udaktari wa Paris, akafundisha Chuo Kikuu cha Taifa kule Butare, akachunguza falme ndogo za Wahutu wa kaskazini. Kazi halali kabisa, tena yenye faida. Kisha akakabidhiwa vyombo vya habari vya serikali. Machi 1992 redio ya taifa ilisoma tena na tena tangazo lililodaiwa kutoka kwa watetezi wa haki za binadamu Nairobi, kwamba Watutsi wamepanga kuwaua viongozi wa Kihutu. Eneo la Bugesera, Watutsi waliuawa kwa mamia. Mwaka uliofuata alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM, redio binafsi iliyochochea mauaji, iliyoanza kusikika Julai.

Mshtakiwa mwenzake, Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, hakunishangaza. Mtukanaji humjua akifungua mdomo tu. Wa tatu, Barayagwiza, mwanasheria, alikuwa amesusia kesi.

Jaji Navanethem Pillay alianza kwa kumkumbusha Nahimana kuwa alikuwa msomi mashuhuri, profesa wa historia, aliyejua fika nguvu ya maneno. Kisha akamwambia kwamba bila bunduki, bila panga, bila silaha yoyote mkononi, alisababisha vifo vya maelfu ya raia wasio na hatia. Kifungo cha maisha. (Rufaa ya 2007 ilikuja kumpunguzia hadi miaka 30.)

Tulipotoka tukatafuta chai. Mzee alikoroga sukari muda mrefu bila kunywa.

"Yule wa gazeti ningebishana naye," akasema. "Lakini profesa! Akiniambia vitabu vinasema mimi si mtu wa hapa, nami niliishia darasa la nne, nitamjibu nini?"

Swali lilinichoma, maana vitabu vyenyewe nilivijua. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alichapisha habari za safari yake, na humo akaamua, kwa kuangalia maumbile ya watu, kwamba watawala wa nchi za maziwa, Watutsi wakiwamo, wametoka Ethiopia. Wamisionari na Wabelgiji waliotawala Rwanda wakayageuza hayo kuwa somo. Novemba 1992 Léon Mugesera, mwenye udaktari wa chuo kikuu cha Kanada, alihutubia mkutano Kabaya akataka Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo, unaomwaga maji yake Kagera. Mwaka 1994 maiti za waliouawa zilifika na maji ya Kagera hadi Ziwa Victoria. Mkulima aliyesimama na panga kwenye kizuizi cha barabarani hakuwa amemsoma Speke. Waliomsoma ni hawa wenye shahada, na ndio waliompelekea hayo kijijini kama ukweli uliothibitishwa.

Nikamweleza mzee, nikataja kwamba Speke alipita Karagwe na kukaribishwa vizuri na Mukama Rumanika.

"Kwetu? Alifanya nini?"

"Alikula, akawinda, akampima shemeji wa Rumanika unene kwa futi."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Akapima unene, asiulize tulikotoka?"

"Aliuliza. Jibu alikuwa nalo tayari."

Akaagiza chapati, akavuta kiti karibu, akataka nianze upya, taratibu, na miaka yake, kwa sababu wajukuu zake walikuwa wanasoma sekondari na alitaka kuwauliza wanafundishwa nini.