Tabora haikuwepo

Jumanne, usiku

Saa tatu kasoro asubuhi simu ya mezani ikaita. Mhasibu wa tawi letu la Tabora. Nikamwamkia, akaitikia, na bila hata kuuliza habari za Dodoma akasema, "Mwanangu, huku mtandao hakuna tangu jana jioni. Ninyi huko hamuoni?"

Nikainua macho kwenye skrini ya ukutani. Kijani tupu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia kwetu yote ni mazima, azime ruta aiwashe tena, huku jicho likishuka kwenye orodha: Singida, Songea, Sumbawanga, Tanga. Nikarudi juu. Sumbawanga, Tanga. Tabora haikuwepo. Ingekuwa nyekundu ningejua pa kuanzia.

Tunatumia Nagios, programu inayopima kila mara kama vifaa vya mtandao viko hai. Mwanafunzi wetu wa field huicheka, eti programu ya kizee, na kweli ilianza mwaka 1999 ikiitwa NetSaint, yeye hajazaliwa. Mimi naipenda kwa sababu kila kitu kimeandikwa kwenye mafaili ya maandishi matupu: kifaa hiki, anwani hii, kipimwe kila dakika 5, kikishindwa mara 3 mfululizo atumiwe meseji fulani. Unaisoma kama daftari la duka.

Basi nikafungua folda ya matawi. Mafaili ya Tabora yalikuwa mawili: tabora.cfg.zamani na tabora.conf. Sikuhitaji kuuliza nani kayaweka. Wiki tatu nyuma kule walibadilishiwa anwani ya ruta. Nikalipa faili la awali jina jingine ili nilitunze, nikaandika jipya, na mkia wa jina nikaweka .conf kwa mazoea ya seva ya wavuti. Nagios ukiielekeza kwenye folda inasoma mafaili yanayoishia na .cfg tu. Mengine inayapita kana kwamba hayapo.

Kinachoniuma ni kwamba nilikagua. Niliendesha nagios -v, amri ya kukagua mafaili hayo, kabla ya kuiwasha upya, kama ninavyomhubiria huyo mwanafunzi kila siku, ikaniambia maonyo 0, makosa 0. Na ilisema kweli, ilikagua ilichokiona. Juu ya hizo sifuri huwa inaandika pia imekagua vifaa vingapi. Siku ile lazima iliandika 61. Sisi tuna 64: Tabora ina ruta, swichi na seva moja ndogo. Ila mstari ule nani anausoma? Ukishaona sifuri mbili unafunga kompyuta unakwenda kunywa chai.

Tena ukimya ule niliutafuta mwenyewe. Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, simu yangu ilitetemeka mezani hadi ikaanguka. Kila huduma yetu iliyohifadhiwa Ulaya ilinitumia meseji yake, moja moja, zote zikilia jambo lile lile. Baada ya hapo nikakaa wiki nzima naandika kwenye kila kifaa mzazi wake ni nani, ili njia ya mbele ikikatika, walio nyuma wahesabiwe tu kuwa hawafikiki na wasinipigie kelele. Ilifanya kazi vizuri mno. Nikazoea simu iliyonyamaza.

Kubadilisha jina la faili ni kazi ya sekunde. Kilichofuata ndicho kilichokula asubuhi yangu. Nikaamuru iwashwe upya, ikakataa: faili la kufuli, lile linalozuia Nagios mbili zisiendeshwe pamoja, linashikiliwa na Nagios nyingine. Simu ya mezani inaita tena, mhasibu huyo huyo. Nikafanya ninalowakataza wengine, nikalifuta lile faili la kufuli, nikawasha. Tabora ikatokea, nyekundu kama inavyostahili. Nikashusha pumzi.

"Dada, Tabora imepotea tena."

Nikamwambia mwanafunzi aonyeshe upya ukurasa. Ipo. Aonyeshe tena. Haipo. Nikailaumu kumbukumbu ya kivinjari, tukaifuta. Nikayalaumu macho yake. Karibu saa nzima, ipo, haipo, mpaka nilipokubali kutazama orodha ya michakato inayoendeshwa. Nagios za siku hizi huzaa wafanyakazi wengi, kwa hiyo ukiona mistari kumi usishtuke. Hesabu ile ambayo mzazi wake ni mchakato namba 1, ule unaotangulia mingine yote kompyuta ikiwaka. Inatakiwa moja. Kwetu zilikuwa mbili. Moja ya leo, nyingine ya wiki tatu nyuma, siku niliyoiwasha kwa mkono badala ya kupitia systemd, msimamizi wa kuwasha na kuzima huduma kwenye seva. Ndiyo maana systemd haikujua hata ipo, isingeweza kuizima. Zote zilikuwa zinaandika hali kwenye faili lile lile, huyu na vifaa vyake 61, yule na 64, kila mmoja akifuta alichoandika mwenzake. Na kufuli nililolifuta ndilo lililokuwa linanizuia nisifike hapo.

Nikaiua ya zamani. Mwanafunzi akaonyesha upya ukurasa mara ishirini, nadhani kwa makusudi.

Mhasibu naye alikuwa ameshapata jibu lake: waya wa umeme wa ruta umechomolewa, na kwenye soketi imebaki chaja ya simu. Kauli yake kuhusu mlinzi wa usiku siiandiki hapa.

Jioni kabla ya kutoka nikakata kipande cha plasta ya karatasi, nikaandika 64 kwa kalamu nene, nikabandika pembeni ya skrini. Nikaandaa na kipimo kidogo cha kuhesabu vifaa kila asubuhi na kunitumia idadi, lakini plasta naiamini zaidi kwa sasa.

Saa tano na dakika kumi usiku huu simu imetetemeka. Ruta ya Tabora, chini, imeshindwa mara 3. Nimempigia mlinzi.

"Baba, unachaji simu?"

"Dakika tano tu mama, naichomoa."

Dakika ya tatu haikufika, meseji ya pili imeingia: ruta imerudi.