Namba ya uthibitisho

Mwaka 2024 nilikuwa nakaa kaunta ya steshenari moja maeneo ya Jamatini, Dodoma mjini. Julai kule ni baridi ya asubuhi, upepo na vumbi. Unapangusa mashine ya kopi saa mbili, na ikifika saa sita unapangusa tena. Wateja wetu wengi hawakuja kununua madaftari. Walikuja na simu mkononi: niprintie hiki, niskanie cheti, niingizie maombi kwenye mfumo wa ajira. Kwa kazi ile unajua namba za NIDA za nusu ya mji, mishahara ya watu, kesi zao za mirathi.

Bosi wetu, mama mmoja mkali, alikuwa na sheria yake: kopi iliyoharibika haitoki nje. Inachanwa vipande palepale. Alishawahi kununua karanga zimefungwa kwenye kivuli cha hati ya mshahara wa mtu asiyemjua, yenye jina, cheki namba yake ya utumishi na akaunti ya benki. Watu hushangaa tapeli amejuaje jina lao la ukoo na kituo chao cha kazi, wanafikiri kuna mtambo fulani. Mimi huwa nafikiria zile karanga.

Siku moja aliingia Mwalimu. Ndivyo tulivyomwita wote, na yeye hakutaka jina lingine. Alitokea Kongwa, alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia, na kila akija mjini kufuatilia mambo yake alipita kwetu. Koti la kijivu, kalamu mbili mfukoni, simu mbili: simu janja aliyonunuliwa na mwanawe, na kitochi chenye laini yake ya miaka yote, ndiyo iliyokuwa na pesa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti. Kuna barua humu ndani, nitolee nijaze kwa kalamu. Barua ya serikali haijazwi kwa kidole."

Alinisogezea simu janja. Ilikuwa barua pepe inayojieleza kuwa imetoka kwenye mfuko wake wa pensheni. Na kwa kweli iliandikwa vizuri. Tulikuwa tumezoea kuambiwa kwamba utapeli unajulikana kwa lugha mbovu, r mahali pa l, herufi kubwa zimetapakaa. Hii ilianza na "Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu", ikawa na aya zenye namba, ikaishia na mhuri na saini. Ilimtaja kwa majina yake matatu na shule ya mwisho aliyofundisha. Ilisema anastahili tofauti ya kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mkupuo ya mstaafu. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu bajeti isomwe bungeni, hapohapo mjini, na habari ya mkupuo kupanda kutoka asilimia 33 hadi 40 ilikuwa midomoni mwa kila mtumishi. Mtunzi wa barua ile alikuwa anasikiliza redio kama sisi.

Kilichonikwaza ni anwani. Juu paliandikwa jina la mfuko, lakini ukiligusa lile jina, anwani yenyewe inafunguka. Anwani ya taasisi ya umma huishia na go.tz. Hii ilikuwa na go na tz, sawa, ila zimechomekwa katikati kwa vistari, mwisho wake com. Anwani ya namna ile unaisoma kuanzia nyuma. Mbele mtu anaweza kuandika chochote anachotaka. Halafu fomu yenyewe ilitaka namba ya NIDA, akaunti ya benki, na kwenye kisanduku cha chini kabisa, namba ya siri ya huduma ya pesa kwenye simu, "kwa ajili ya uhakiki".

Nikamwambia, "Mwalimu, hii siipendi. Naona ni matapeli."

Akanitazama juu ya miwani. "Matapeli wanaomba hela, binti. Hawa hawajaniomba hata senti tano."

Kabla sijajibu, simu janja ikaita juu ya kioo cha kaunta. Akaweka spika, maana masikio yake hayakuwa mazuri. Sauti ya kijana, taratibu, yenye adabu zote.

"Shikamoo Mwalimu. Naona faili lako hapa, bado uthibitisho tu. Mfumo unafungwa saa sita kamili." Kisha akasoma namba ya kumbukumbu, na Mwalimu akaifuata kwa kalamu kwenye karatasi niliyokuwa nimeshaitoa. Zilifanana tarakimu kwa tarakimu. Mwalimu akanigeuzia ile karatasi nione, kama mtu aliyeshinda ubishi.

Kijana akauliza laini ya pesa ina salio kiasi gani, ati wajue kama inaweza kupokea kiwango kile. Mwalimu akataja laki sita na arobaini. Ilikuwa ada ya mjukuu. Kisha tukaambiwa tunaunganishwa na "afisa wa kampuni ya simu". Sauti ikabadilika, namba kwenye kioo ikabaki ileile ya kawaida, ilhali makampuni ya simu yalikuwa yametangaza sana kwamba huduma kwa wateja watakupigia kwa namba 100.

Afisa akamwelekeza kushika kitochi. Nyota, 150, nyota. Chagua namba fulani. Ingiza namba hii, ni ya ofisi. Sasa ingiza namba ya kumbukumbu iliyo kwenye barua yako. Mwalimu akabonyeza polepole kwa kidole gumba, akisoma kutoka kwenye karatasi.

"Vizuri. Sasa ingiza namba ya uthibitisho. Sita, tatu, tano, sifuri, sifuri, sifuri."

Nikainama kutazama kioo cha kitochi. Alikuwa ndani ya Lipa Bili, na juu ya kisanduku paliandikwa Ingiza kiasi. Ile namba ya ofisi ilikuwa namba ya kampuni inayolipwa, ile kumbukumbu ya kwenye barua ndiyo kumbukumbu ya bili, na namba ya uthibitisho ilikuwa laki sita na thelathini na tano elfu. Elfu tano wamemwachia ya makato. Kilichobaki kilikuwa namba ya siri, na hiyo angeibonyeza mwenyewe.

Nikaweka kiganja juu ya kitochi. "Mwalimu, soma hapo juu."

Akasogeza miwani. Akasoma kwa sauti, kama anamsomea mtoto wa darasa la kwanza: "I-ngi-za ki-a-si." Kimya kidogo. Simu ikasema, "Mwalimu, umeshaingiza? Mfumo unafungwa."

"Kiasi cha nini?" akauliza.

"Hiyo ni lugha ya mfumo tu, mzee wangu, usiijali."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Kiasi ni kiasi. Cha nini?"

Ile sauti ya adabu ikayeyuka. Tulitukanwa wote wawili, yeye kwa uzee wake na mimi kwa kukohoa tu, kisha simu ikakatwa. Mwalimu akabonyeza kufuta mpaka kitochi kikarudi mwanzo, akaomba kiti.

Watu husema anayetapeliwa ni mwenye tamaa. Siku hiyo sikuona tamaa. Niliona mtu aliyezoea kutii waraka, kujaza kila kisanduku, kuwahi muda wa mwisho. Tabia zilezile zilizomfanya mtumishi mzuri ndizo walizozitumia.

Tukaituma ile namba kwenda 15040, inakoripotiwa namba za matapeli, kisha akatoka kwenda ofisini kwa mfuko wenyewe kuuliza ana kwa ana. Alirudi mchana. Hakuna faili wala tofauti iliyokuwa inamsubiri, na walimwambia wao hawaombi namba ya siri ya mtu kwa njia yoyote.

Akataka kopi thelathini za ile barua, akagawe kwa wastaafu wenzake Kongwa, na alikuwa ameshapiga mstari mwekundu chini ya kila alichotaka wakione. Bosi akakataa kupunguza bei, wakabishana hadi akapunguza. Nilipoiweka karatasi kwenye mashine nikaona namba ya simu ya matapeli bado ipo chini, imekolea. Nikamwambia tuifute kwanza kwa wino mweupe, la sivyo kuna atakayeipiga kuulizia tofauti yake.