Malitimita ya mjomba na mistari miwili ya seli

Zn(s) | Zn²⁺(aq, 1 M) || Cu²⁺(aq, 1 M) | Cu(s)

Nilisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) Mbeya mjini, bweni, na sheria za mstari huo, ambao ni seli ya umeme wa kemikali iliyoandikwa kwa kifupi, nilikuwa nazo kichwani kama wenzangu wote. Anodi, elektrodi inayotoa elektroni, kushoto; kathodi, inayozipokea, kulia. Kijistari kimoja ni mpaka kati ya hali mbili za maada, kama metali kavu (s) na maji ya chumvi yake (aq). Viwili ni daraja la chumvi linalounganisha maji ya pande mbili, na 1 M ni ukolezi: moli moja kwa kila lita. Nipe mmenyuko, nakuandikia seli bila kusita. Kazi ilikuwa swali likigeuzwa: nimepewa mstari tayari, naulizwa elektroni zinaelekea wapi na volti ni chanya au hasi. Darasa zima tulikuwa tunabahatisha, na waliopata hawakuweza kueleza wamepataje.

Nikaamua niione seli yenyewe. Mjomba wangu ni fundi redio pale Mwanjelwa, nikaenda kumwazima malitimita, kile kipimo cha umeme. “Chukua, mjomba,” akaniambia, “ila ukiunguza fyuzi unalipa.” Akanipasulia na betri kuukuu ya redio, zile za bei ya chini ambazo ganda lake ni zinki. (Za alkalaini usihangaike nazo, ganda lake ni chuma kilichopakwa nikeli.) Waya wa shaba haukosekani kwa fundi. Mwalimu wa maabara akaniruhusu Jumamosi, akanipa zinki salfeti na kopa salfeti, ule mrututu wa bluu wanaoujua wenye mashamba ya kahawa.

Bika mbili, kila metali kwenye maji ya chumvi yake. Nikagusisha nyaya za malitimita: sifuri, au tarakimu zinazotangatanga. Nikachukua karatasi ya chujio iliyolowekwa kwenye potasiamu naitreti, ncha moja huku, ncha nyingine kule. Tarakimu zikaruka na kutulia juu kidogo ya volti moja. Vile vijistari viwili vya katikati ndiyo hiyo karatasi mbichi, basi.

Hapo sijafika kwenye faida yenyewe. Waya mwekundu ulikuwa kwenye shaba, mweusi kwenye zinki. Nikazibadilisha. Namba ile ile, sasa ina alama ya kutoa mbele. Seli haijaguswa, hakuna kilichobadilika ndani ya bika; nimebadilisha upande wa kuitazamia tu. Ndipo nikauelewa mstari: unakuambia waya mwekundu uende kwenye elektrodi ya kulia. Kwa hiyo volti ni ya kulia kutoa ya kushoto, siku zote, bila kujali nani ana namba kubwa. Kwa potenshali sanifu, zile volti za kila elektrodi kwenye jedwali la kitabu: kulia shaba, +0.34, kushoto zinki, −0.76, jibu +1.10. Malitimita yangu haikufika 1.10, na sikutegemea ifike, kwa ganda la betri lililochakaa na chumvi iliyopimwa juu juu.

Sasa mtunga mtihani akikuandikia Cu | Cu²⁺ || Zn²⁺ | Zn, usimsahihishe. Mjibu: −1.10, mmenyuko kama ulivyoandikwa hauendi wenyewe, unaoenda ni wa kinyume chake. Alama hiyo ya kutoa ndiyo jibu analolitafuta.

Jambo jingine ambalo mstari unalificha ni waya. Haujaandikwa popote. Wengi wakisoma kushoto kwenda kulia wanazipitisha elektroni darajani, kumbe elektroni zinatoka zinki na kupanda kwenye waya wa nje hadi kwenye shaba. Darajani zinapita ayoni: naitreti zinakuja upande wa zinki, potasiamu zinakwenda upande wa shaba. Mimi hadi leo nachora kiwaya juu ya mstari kwa penseli kabla ya kujibu chochote.

Baada ya hapo vingine vilikuja haraka. Cu(s) | Cu²⁺(aq) || Fe³⁺(aq), Fe²⁺(aq) | Pt(s): mkato upo kwa sababu ayoni zote mbili za chuma (Fe) ziko kwenye maji yale yale, hazina mpaka kati yao; platinamu ipo kwa sababu huku hakuna metali kavu ya kushikia waya. Inabeba elektroni tu, kwenye mmenyuko haimo. 0.77 kutoa 0.34 ni 0.43, na unasoma moja kwa moja: Cu + 2Fe³⁺ → Cu²⁺ + 2Fe²⁺. Ile 2 isikushawishi kuzidisha 0.77. Elektroni zikiongezeka, kila moja bado inasukumwa kwa nguvu ile ile. Na ukikutana na fedha, Ag⁺, daraja la potasiamu kloraidi liweke pembeni, litakuletea mashapo meupe ya kloraidi ya fedha, tumia naitreti.

Vitabu vinasema volti hizo ni za joto la nyuzi 25. Maabara ya Mbeya asubuhi ya Juni ni baridi kuliko hapo! Kwa seli ya zinki na shaba tofauti hiyo ni kama sehemu moja ya elfu ya volti kwa kila nyuzi kumi, malitimita ya mjomba haiioni, kwa hiyo usiifanye kisingizio.

Kinachoonekana ni ukolezi, na ndiyo maana mabano yale yanaandikwa. Mrututu ukipunguzwa hadi 0.01 M, zinki ikabaki 1 M, volti zinashuka kutoka 1.10 hadi 1.04. Hata shaba pande zote mbili inafanya kazi: Cu | Cu²⁺(0.01 M) || Cu²⁺(1 M) | Cu. Potenshali sanifu ni sifuri, lakini mita inakupa kama 0.06, na itaendelea kukupa kidogo kidogo mpaka bika mbili zilingane rangi.