Kaya ya kwanza na kaya ya mwisho

Leo mchana nilikuwa nikichagua kaya za kuhoji katika vijiji vitatu: kimoja kina kaya 84, kingine 120, na cha tatu 310. Ninatumia R, programu ya takwimu, ambayo kwa amri ya runif (hutoa namba za bahati nasibu kati ya mipaka miwili) huniruhusu kutaja mipaka yote kwa pamoja, runif(3, 1, c(84, 120, 310)), nayo ikanipa namba moja kwa kila kijiji.

Kwa kuwa namba hizo huja na desimali, nilizikadiria hadi namba nzima iliyo karibu kwa amri ya round, nikaona kazi imekwisha.

Kisha, kwa udadisi tu (na chai ilikuwa bado ya moto), nikaijaribu njia hiyohiyo kwa dadu, 1 hadi 6, mara 60,000.

Namba 2 hadi 5 zilitokea karibu mara 12,000 kila moja.

Namba 1 na 6, karibu mara 6,000 tu.

Nilikaa kimya nikilitazama jedwali lile. Namba 2 hupokea kila kilichopo kati ya 1.5 na 2.5, ilhali 1 hupokea kuanzia 1 hadi 1.5 pekee, yaani nusu ya fungu. Kaya ya kwanza na ya mwisho katika kila orodha zingepunjwa, wala hakuna ambaye angejua.

Nimehamia sample.int, amri inayochagua namba nzima moja kwa moja, kila moja kwa nafasi sawa, nikaweka set.seed, inayowezesha kurudia bahati nasibu ileile, ili mwenzangu aipate orodha ileile, na nimeanza upya.

Wenzangu mnaochambua takwimu, nani mwingine amewahi kunaswa na round? Mipaka inapotofautiana, ninyi mnatumia njia gani?