Makopo sita ya mjomba

Kopo la oksijeni, lile dogo lenye kitufe na barakoa la kujivutia pumzi nyumbani, likijaa halina tofauti na kopo tupu. Ukilitikisa hakuna kinachocheza ndani, na ukilinyanyua unashangaa lilivyo jepesi. Ndiyo maana boksi la mjomba lilipofika Makorora, Tanga, kutoka Dar, nyumba nzima ilishakubaliana kwamba tumeibiwa kabla gundi haijamalizwa kukatwa.

Binamu yangu ndiye aliyeagiza. Alikuta ukurasa wa muuzaji mtandaoni, picha ya mzee kakaa kitini na barakoa puani, wajukuu wamemzunguka wanacheka. Akalipa kwa simu, makopo sita ya lita 10, mzigo ukaja na basi mpaka stendi ya Kange. Mjomba mapafu yake yalishachoka na sigara za miaka mingi; akitoka msikitini husimama akashika ukuta wa jirani kwanza ndipo aendelee.

"Shikamoo mkaza mjomba."

"Marahaba mwanangu. Wewe si ndiye wa mitungi? Hebu tuangalizie haya, maana mjomba wako kashaanza kutukana."

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuhudumia mitungi na mashine za oksijeni za hospitali, kwa hiyo jambo la kwanza lilikuwa mizani. Lita moja ya oksijeni, kwa joto la Tanga, ina uzito wa gramu 1.3 hivi. Lita 10 ni gramu 13, basi, na hata kopo likiisha hubaki na gesi kidogo isiyo na msukumo wa kutoka. Kinachopungua toka kopo limejaa mpaka limeisha ni gramu 12 au 13. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupima hilo. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu mojamoja inaweza. Sisi tuliyapeleka kwa sonara, Ngamiani, kwa kuwa kwake ndiko kulikokuwa karibu. Yule bwana alicheka sana, lakini alipima.

Manne yalisoma gramu 146 na 147. Mawili yalisoma 134. Hayo mawili ndiyo yaliyokuwa matupu kweli, na sababu ilionekana mara moja: vifuniko vyao vya plastiki vilikuwa vimechomoka ndani ya boksi, na kopo la jirani limelala juu ya kitufe. Vali za makopo haya hazina kufuli. Kinachozuia kitufe kisibonyezwe njiani ni kifuniko tu, na mkandamizo mdogo wa saa chache ndani ya buti ya basi unatosha kuimaliza gesi yote bila mtu kusikia chochote. Muuzaji anayejua kazi yake hufunga kila kifuniko kwa gundi na kuyasimamisha makopo wima, kadibodi katikati. Huyu aliyalaza kama samaki kwenye tenga.

Turudi kwa yale manne mazima, maana hapo ndipo penye maneno mengi zaidi. Ubavuni pameandikwa pumzi 200 za sekunde moja. Watu husoma 200 wakaona ni nyingi. Gawanya: lita 10 kwa 200 ni mililita 50 kila ukibonyeza. Mtu mzima aliyetulia huvuta karibu mililita 500 kwa pumzi moja, kwa hiyo sehemu tisa kati ya kumi ni hewa ileile ya Makorora yenye oksijeni asilimia 21. Changanya na hizo mililita 50 za asilimia 95, unapata kama asilimia 28. Si mbaya, ndicho kiwango anachopewa mgonjwa wa wodini kwa mrija wa puani, lita 2 kwa dakika. Tofauti ni kwamba wa wodini anakipata kutwa kucha, na mjomba angekipata kwa pumzi moja tu, kisha inayofuata ni hewa ya kawaida. Ukitaka kopo limhudumie kwa kasi hiyo ya lita 2, linakwisha kwa dakika 5. Kwa siku nzima ungehitaji makopo 288. Mtungi mkubwa wa hospitali, ule mrefu wa kufika kifuani, una lita 6,800.

Binamu alikuwa kwenye simu anasikiliza. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo bei ya kila lita…?" Nikamwambia asiipige hiyo hesabu, atakosa usingizi.

Mjomba mwenyewe alitaka kujaribu, na ilikuwa haki yake. Kubonyeza kuna namna yake. Unatoa pumzi nje, barakoa inakaa juu ya pua na mdomo bila kuacha upenyo, unaanza kuvuta ndipo unabonyeza, palepale mwanzoni. Ukibonyeza mwishoni mwa pumzi, gesi inaishia kooni na kwenye njia za hewa, haifiki mapafuni, kisha unaitoa nje kama ulivyoinunua. Wengi hubonyeza kwanza, wakavuta baadaye. Nusu inakwenda dirishani.

Kabla ya hapo nilimfutisha mafuta ya mgando midomoni na kumwomba mkaza mjomba autoe uani ule mkaa uliokuwa ukiwaka mlangoni. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini cheche ndogo ikikutana nayo juu ya mafuta au kanzu huwa moto mkali, na nguo huendelea kuishika kwa dakika kadhaa baada ya kuvuta. Sigara ya mjomba ilikuwa juu ya sikio. Nayo ikaondoka.

Oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni ya kwenye damu kwa asilimia, ilisoma 89 kabla. Mkaza mjomba alishtuka, kwani karatasi ya kifaa ilisema kawaida ni 95 na kuendelea. Kwa mapafu yenye ugonjwa sugu kama ya mjomba, madaktari hulenga 88 mpaka 92. Kumpandisha juu ya hapo kwa oksijeni nyingi kunaweza kumfanya abakize hewa chafu mwilini, akasinzia na kuchanganyikiwa. (Mkaza mjomba alipojipima yeye mwenyewe, namba zilirukaruka bila kutulia: piko kwenye kucha. Tukatumia kidole kisichopakwa. Na kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi huelekea kusoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo namba nzuri isikulaze usingizi mtu anapohema kwa tabu.) Baada ya kuvuta mara kadhaa mjomba alipanda mpaka 93. Akatabasamu, akasema kifua kimefunguka. Hazikupita dakika mbili, 89 ikarudi.

Kilichomsaidia siku ile hakikuwa kwenye boksi. Nilimwomba anionyeshe anavyotumia dawa yake ya kupuliza, akapuliza mdomo wazi, nusu ikatua kwenye ulimi. Tulichukua chupa ya maji ya nusu lita, tukatoboa tako lake kwa waya wa moto kwa kipimo cha mdomo wa kile kipulizio, akapulizia humo na kuvuta taratibu kupitia shingo ya chupa. Asubuhi yake mkaza mjomba akampeleka hospitali ya Bombo, wakabadilisha dawa.

Muuzaji alikuwa na jibu lake tayari: bidhaa za gesi hazirudishwi. Kwa sehemu ni kweli, maana makopo haya hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege, na hata wa mabasi wakijua kilichomo hukataa. Binamu hakubishana kuhusu kurudisha. Alimtumia picha mbili za mizani, 147 na 134, makopo ya aina moja kando kwa kando, na picha ya kifuniko kilichochomoka. Pesa ya makopo mawili ikarudi kwenye simu. Ile picha ya mzee na wajukuu ilibaki ukurasani, juu ya bidhaa ambayo yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, kwamba si ya kutibu ugonjwa.

Manne yaliyobaki mkaza mjomba aliyaweka dirishani, jua la mchana likiyapiga. Nikayahamishia chini ya kitanda: mwisho wake ni nyuzi joto 50, na dirisha lililo jirani na bati hufika huko bila shida. Mjukuu mmoja alikuwa ameshakuja na msumari kutaka kutoboa yale matupu ayauze kwa wa chuma chakavu. Nikamfundisha kubonyeza kitufe uani mpaka pasisikike kitu, ndipo ayapeleke hivyohivyo bila tundu.